Mpiga Picha wa Ukoo

Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuoa wala kuolewa bila masikio yake yote mawili kuonekana. Hiyo ilikuwa sheria ya mjomba.

Mjomba alikuwa na studio ya picha za vitambulisho na pasipoti, chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la viatu. Ukutani palitundikwa shuka jeupe. Mbele ya shuka paliwekwa stuli isiyo na mgongo, na kando yake kioo kidogo chenye kitana kilichofungwa kwa kamba, maana vitana vya mwanzo viliondoka na wateja. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, lilining'inia koti jeusi na tai yake, kwa ajili ya mtu aliyekuja na fulana. Ukikagua vitambulisho vya wanaume wa mji ule, nusu yao wamevaa koti hilohilo. Meneja wa benki kalivaa, na mwizi aliyeiibia benki naye kalivaa.

Kwa kazi hiyo mjomba hakuwa na mpinzani. Hakuna ofisi iliyowahi kurudisha picha yake. Shida ilikuwa kwamba harusi nazo alizipiga hivyohivyo. Bwana harusi kidevu juu, bibi harusi kidevu juu, mabega sawa, mdomo umefungwa, shela imesukumwa nyuma ya masikio. Fungua albamu yoyote ya ukoo, utaona watu waliopangwa mstari wakisubiri kuhojiwa. Kuna shangazi aliyeolewa na mwanamume aliyemtaka tangu usichana wake, na siku hiyo alicheka mpaka akapaliwa na soda. Kwenye picha anaonekana kama shahidi wa ajali.

Sasa ilikuwa zamu ya Chiriku.

Jina hilo alipewa utotoni kwa sababu ya mdomo wake, na likamng'ang'ania. Chiriku aliuza vipuri vya magari, na pale kaunta hakumwogopa mtu. Angeweza kumwambia mwenye magari yake kumi kwamba hajui gari, na mtu huyo akanunua na kushukuru. Kicheko chake kilisikika mpaka kwa wauza matairi ng'ambo ya barabara. Basi alichokitaka katika harusi yake kilikuwa kitu kidogo tu: picha moja ambamo anacheka. Siku akiwa bibi kizee, wajukuu wajue alikuwa mtu wa namna gani.

Lakini mbele ya mjomba, Chiriku alikuwa bubu. Baba yake alifariki yeye akiwa bado anatambaa, na mjomba, mdogo wa mama yake, ndiye aliyeibeba nafasi ile. Mjomba alimpeleka shule kwenye baiskeli. Alipolazwa kwa ugonjwa wa mapafu, mjomba alilala sakafuni kando ya kitanda chake, wauguzi wakamruka kama ndoo. Na tangu Chiriku akiwa anamfikia magotini, mjomba alikuwa akisema, "Siku yako wewe, nitakupiga picha mpaka mashine iombe maji." Mama naye alikwisha kuwatangazia majirani kwamba mpiga picha yumo ndani ya nyumba.

"Mwambie tu," alisema mchumba wake, ambaye alikuwa fundi bomba.

"Mwambie wewe."

"Mimi bado sijaoa. Nikimwambia mimi, sitaoa."

Kwa hiyo wakaanza kutafuta mpiga picha kwa kujificha. Kila Jumamosi mchana walimuaga mama kwamba wanakwenda kutafuta mapazia. Mama akaanza kujiuliza ni mapazia gani hayo ambayo mji mzima hauna.

Studio ya kwanza ilikuwa ya vioo, na mwenyewe alimwita kila mwanamke malkia. Aliwakalisha kwenye kochi jeupe, akawawekea albamu magotini. Chiriku alifunua kurasa polepole. Maharusi wote walikuwa na rangi moja, kama kikombe cha chai kilichozidi maziwa, na mashavu yasiyo na kitundu wala kovu.

"Hawa ni mtu na dada zake?" aliuliza.

"Hapana, malkia. Hawajuani kabisa."

"Wanafanana."

"Hiyo ndiyo kazi yangu," alisema yule bwana kwa fahari. "Mimi nawasafisha. Wewe kwa mfano, hilo doa lako hapo juu ya mdomo, naliondoa dakika moja. Na mwanya pia, ukitaka, nauziba."

Fundi bomba alikuwa amekaa kimya akitazama doa lile, ambalo kwa kweli ndilo lililomfanya anunue mkanda wa feni ambao hakuwa na gari la kuufunga. "Samahani, kaka," alisema. "Ukishaliondoa doa na mwanya na rangi, nikiifungua albamu nyumbani nikakuta mke wa mtu, nimrudishe kwa nani?"

Yule bwana alicheka akidhani ni mzaha. Wakainuka.

Wa pili hakuwa na kochi. Aliwapeleka bustanini kwa majaribio, na hakutaka mtu asimame kama mtu. Alitaka wakimbie wakishikana mikono. Alitaka Chiriku ajifiche nyuma ya mti na fundi bomba achungulie. Alitaka walale kwenye majani wakitazama mawingu, na siafu wakalala pamoja nao.

"Sasa mbebe," aliagiza.

"Nimbebe nimpeleke wapi?" aliuliza fundi bomba.

"Popote. Mbebe kwa mahaba."

Fundi bomba alikuwa ametumia ujana wake chini ya masinki ya watu, na mgongo wake ulikuwa na maoni yake. Chiriku naye hakuwa kijiti. Fundi aliinama, akamnyanyua kidogo kutoka ardhini, halafu kitu kikalia ndani yake kama koki iliyofunguliwa vibaya. Alibaki amepinda, mchumba mikononi, hawezi kupanda wala kushuka.

"Vizuri sana," alisema mpiga picha, akipiga. "Baki hivyohivyo."

"Nitabaki," alijibu fundi bomba kwa sauti ndogo. "Sina namna nyingine."

Wiki ile alitembea ameegemea upande mmoja, na mama mkwe mtarajiwa alipomuuliza, akasema amenyanyua mapazia.

Jumatatu moja dereva wa lori alikuja dukani kununua pedi za breki. Wakati Chiriku anafunga mzigo, yule dereva alikuwa akimwonyesha mwenzake picha za harusi yake kwenye simu. Chiriku alichungulia, kama kawaida yake. Palikuwa na mama mkwe wa dereva, mwanamke mkubwa, kichwa kakirusha nyuma, mkono hewani unakwenda kupiga paja la jirani yake. Kicheko chake kilikuwa kinaonekana mpaka kooni. Palikuwa na mzee anayejaribu kumeza mwayo. Palikuwa na bibi harusi mwenyewe, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, anabishana na mtu.

"Nani kapiga hizi?" aliuliza Chiriku.

"Kuna mama mmoja yuko nyuma ya duka la fotokopi, kule karibu na posta. Hana hata kibao."

Jumamosi ile mapazia yalikuwa upande wa posta.

Duka la fotokopi lilikuwa jembamba, mashine moja inanguruma, madaftari na kalamu ukutani. Nyuma palikuwa na pazia la shanga, na nyuma ya pazia chumba. Chiriku alikuwa ameshika zile shanga azisogeze alipoisikia sauti. Akazishika zisilie.

"Na masikio je, mama? Masikio unayafanyaje?"

"Nayaacha yalipo," ilijibu sauti ya mwanamke.

"Hm. Sawa. Sasa sikiliza. Mimi nina mpwa wangu anaolewa, na ninataka umpige picha wewe. Lakini asijue kwamba mimi ndiye niliyekuja. Wewe mtafute, mwambie umesikia tu kuna harusi. Anauza vipuri. Ana maneno mengi, usimwogope."

Fundi bomba alimtazama Chiriku. Chiriku alikuwa amesimama na mdomo wazi na hakuna kilichotoka, jambo ambalo fundi bomba hakuwahi kuliona tangu amfahamu.

"Kohoa," alimnong'oneza.

Badala ya kukohoa, Chiriku aliziachia shanga. Mjomba aligeuka kwenye kiti. Alikuwa amevaa kizibao chake cha mifuko mingi, kile cha kazi, na kofia kaiweka magotini kama mgonjwa anayengoja daktari.

"Umefuata nini huku?" aliuliza mjomba.

"Nimekuja kutoa fotokopi."

Mjomba aliangalia mikono ya Chiriku. Ilikuwa mitupu. "Fotokopi ya nini?"

"Yangu mimi," alisema fundi bomba. "Anataka ziwe mbili."

Hakuna aliyecheka isipokuwa mwenye chumba. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa nyuma kwa uzi, na kandambili. Aliwavutia viti viwili, kisha akarudi kwake akakunja mikono, mtu aliyekwisha ona familia nyingi.

"Kwa hiyo hunitaki," alisema mjomba.

"Nani kasema?"

"Umekuja kufanya nini hapa? Mpiga picha si mimi?"

"Na wewe umekuja kufanya nini? Si umekuja kunitafutia mwingine?"

"Hilo ni tofauti. Mimi kukukataa wewe nina sababu. Wewe kunikataa mimi ni dharau."

"Mjomba, wewe unanitia kidevu juu."

"Kidevu juu kina ubaya gani?"

"Sitaki kuomba pasipoti, mjomba. Nataka kuolewa."

Hilo liliingia. Mjomba aliichukua kofia magotini, akaizungusha, akaipulizia vumbi ambalo halikuwepo. Chiriku alitamani ardhi ifunguke. Ndicho hasa alichokuwa akikikimbia Jumamosi zote zile, na sasa amekisema mbele ya mtu baki.

"Basi na mimi niseme langu," alisema mjomba hatimaye. "Mwezi uliopita mteja kaniletea picha nimtilie fremu. Kazi ya mama huyu. Picha ya ukoo mzima, wamesimama ovyoovyo, mmoja kageuka, mwingine anamfuta mtoto makamasi. Nikasema, hii imeharibika. Nikaiweka juu ya meza. Siku nzima naiangalia. Mwishowe nikajiuliza, mimi kwetu niko wapi? Nilirudi nyumbani nikatoa albamu zetu. Za harusi zote. Za dada zangu, za binamu, mpaka mahafali. Unajua nimo katika picha ngapi?"

"Zote umepiga wewe," alisema Chiriku.

"Ndiyo. Kwa hiyo simo hata moja. Mahali pekee nilipo ni harusi ya mama yako. Tulikuwa nje, jua liko nyuma yangu. Pale chini, juu ya gauni lake, kuna kivuli cha mtu mwenye kichwa cha pembe nne. Ndiyo mimi na mashine yangu."

Mashine ya fotokopi upande wa pili ilimaliza kazi yake, ikanyamaza.

"Wewe nimekulea," aliendelea mjomba, bila kumtazama. "Siku yako nataka kuwepo. Lakini ningekuambiaje? Ungesema mjomba kachoka na mimi. Umeingoja siku hiyo tangu mtoto."

"Mimi nimeiogopa tangu mtoto," alisema Chiriku, na kicheko kikamponyoka, kile kikubwa, mpaka mteja wa mbele akachungulia kwenye shanga. Mjomba alijaribu kubaki amenuna. Alishindwa.

Hapo ndipo mwenye chumba alipofungua mdomo. Hakuuliza rangi za nguo wala idadi ya kurasa. Aliuliza nani hasemezani na nani. Aliuliza nani hawezi kusimama muda mrefu, nani ataondoka mapema, na nani akiona kamera anabadilika.

"Wote," alisema Chiriku. "Ukoo mzima. Mjomba katuzoesha. Ukiinua kamera tu, watu wanajipanga na kutoa masikio."

"Basi nitakuja nyumbani kabla. Mara kadhaa. Bila kamera."

"Kufanya nini?" aliuliza mjomba.

"Kukaa. Nakaa mpaka watu wanichoke. Mtu akishakuchoka, hakuandalii uso."

Mjomba alilitafuna neno hilo. "Na mwanga?" aliuliza.

"Mwanga upo."

"Na ukiambiwa umwondoe mtu doa?"

"Kwani doa limemkosea nani?"

Fundi bomba akasema, "Tumempata. Twende tukanunue hayo mapazia."

Kilichobaki kilikuwa mama, na mama hakuwa mtu wa kubakizwa. Walimkuta uani anaanua nguo. Mjomba alijikohoza, akaanza kwa mbali, kuhusu macho yake yanavyosumbua siku hizi na uzito wa mashine.

"Macho yako yamekufanya nini?" alisema mama. "Jana umeona nzi kwenye chai yangu kutoka mlangoni."

"Dada, sipigi picha kwenye hii harusi."

Mama alishusha shuka alilokuwa amelishika. "Hupigi?"

"Kuna mama mmoja atapiga."

"Mama mmoja. Nimeshawaambia watu wote mdogo wangu ndiye mpiga picha. Sasa niwaambie nini, tumegombana?"

"Waambie safari hii mdogo wako anakuja kama mdogo wako."

"Maana yake nini hiyo?"

Mjomba aliutafuta mfano akaukosa. "Nataka kukaa, dada," alisema. "Kwenye kiti. Na mimi nikae."

Chiriku, ambaye alijificha nyuma ya shuka lililobaki kwenye kamba kama asiyehusika, aliona mdomo wa mama ukienda huku na huku kama anayetafuta mahali pa kutemea mbegu. Kisha mama akaanza kulikunja lile shuka kwa nguvu, kona kwa kona.

"Una koti?" aliuliza.

"Lipo lile la studio."

"Lile lililovaliwa na mji mzima? Ukae mbele ya wakwe na jasho la watu wote hao? Kesho unakwenda kwa fundi. Na hicho kizibao cha mifuko nisikione." Akageukia kamba. "Na wewe nyuma ya shuka, toka. Mapazia yako wapi?"

Mpiga picha alikuja kama alivyosema. Alikaa jikoni, akachambua mchele, akasinzia kwenye kochi. Siku ya kwanza mama alimvalia gauni la kutokea. Siku nyingine akampokea na kitambaa cha kulalia kichwani. Kufikia wiki ya harusi alikuwa akimwambia, "Hebu sogeza miguu nifagie," na yule mwanamke akatabasamu kama aliyepokea malipo.

Siku yenyewe mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Keki ilichelewa, mtoto mmoja alipotea akapatikana chini ya meza, na Chiriku alilia pale alipoahidi kutolia. Mjomba alikaa mstari wa mbele katika koti jipya la kijivu. Alikaa vizuri. Aliinuka mara mbili tu kumwelekeza mpiga picha, na mara zote mbili mama alimvuta kwa mkia wa koti.

Baada ya shughuli, waliitwa kwenye ngazi za ukumbi. "Ndugu wa bibi harusi," alisema mpiga picha.

Ukoo ukajipanga. Na kwa mazoea ya maisha yake yote, mjomba alishuka ngazi, akazunguka, akaenda kusimama kando ya kamera, uso kuwaelekea wao. "Wewe mrefu, rudi nyuma," alianza. "Shangazi, sogea kushoto. Kidevu." Watu wakainua videvu. Mpiga picha alishusha kamera, akamtazama. Ukoo nao ukamtazama. Pembeni ya Chiriku palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, wazi kabisa, na hakuna aliyethubutu kuijaza.

"Mjomba," aliita Chiriku. "Upande huu."

Mjomba alizitazama zile ngazi kama kwamba mtu amezijenga wakati amegeuka. Halafu akapanda. Alipofika, hakujua afanye nini. Alisimama pale, na mikono yake ikapanda yenyewe mpaka usawa wa kifua, vidole vimejikunja.

"Mikono, mjomba."

"Imefanya nini?"

"Umeishika kamera ambayo haipo."

Mjomba aliiangalia, akaishusha. Ikapanda tena. Akaificha nyuma, mama akamwambia amekuwa kama askari. Akaiweka mifukoni, mama akamwambia amekuwa kama mwizi. Basi Chiriku alichukua shada lake la maua na kumpachikia mikononi.

"Shika hili."

"Ni la bibi harusi hili."

"Ndiyo. Mshikie."

"Ngojeni kwanza," alisema fundi bomba, akimtazama mjomba juu mpaka chini. "Nimeoa nani hapa?"

Picha hiyo sasa iko sebuleni kwa mama, mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa. Shangazi kajikunja, ameshika mbavu. Fundi bomba anaonekana nusu. Bibi harusi mikono mitupu, mwanya nje, anacheka kwa mdomo wake wote. Na katikati amesimama mjomba, amelibana shada kifuani kwa uangalifu mkubwa, kama mtu aliyeachiwa kitoto kichanga na mwanamke asiyemjua.